Aptama: uzi wa DNA unaoweza kuizuia korona isiingie kwenye seli

"Daktari, hiyo DNA mkimpulizia mtoto puani, si itamchanganyia damu ya ukoo?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja hapa Moshi, mwisho wa kikao cha elimu ya afya nilichokuwa nimegusia utafiti wa aptama. Ukumbi ulicheka, lakini swali lake lilikuwa na msingi. Neno DNA wengi wetu tumelizoea kwenye mashauri ya kumtafuta baba wa mtoto.

Kwenye aptama, DNA haitumiki kama maandishi. Inatumika kama uzi. DNA ya kwenye seli zetu ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotwa pamoja, zimebeba maelekezo ya kuujenga mwili. Aptama ni uzi mmoja tu, mfupi, wa herufi kama 20 hadi 100, unaotengenezwa kwa mashine. Kwa kuwa hauna mwenzake wa kusokotana naye, hujikunja na kujifunga fundo. Mpangilio wa herufi A, T, G na C ndio unaoamua sura ya fundo hilo, na fundo likipata sura inayofaa hung'ang'ania protini moja na kuziacha nyingine. Halibebi jeni wala halitoi amri yoyote. Nilimkumbusha yule mama kwamba bakuli la mtori limejaa DNA ya ndizi na ya ng'ombe, na bado hatujamwona Mchaga aliyeota majani ya mgomba.

Sasa korona. Mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa Machi 2020, alikuwa ameshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hapo katikati yetu na Arusha. Kirusi hiki kina miiba ya protini, na miiba hiyo hutafuta protini nyingine iitwayo ACE2, iliyo juu ya seli za pua, mapafu, utumbo na kwingineko. ACE2 haikuwekwa pale kumngojea mgeni huyu. Kazi yake ni kuikata angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu, na hivyo husaidia presha isipande. Mwiba ukishaishika, vimeng'enya vyetu wenyewe, kama TMPRSS2, huukata mwiba huo, utando wa kirusi ukaungana na wa seli, na RNA yake, yaani maelekezo ya kujizalisha, ikamiminika ndani.

Mfikirie mama muuza ndizi sokoni. Mikono yake ina kazi: anahesabu, anapokea hela, anarudisha chenji. Kibaka hamshiki mikono, anamvuta upindo wa kitenge. Ndivyo kirusi kinavyoifanyia ACE2: hukamata pembeni, mbali na sehemu inayokata homoni.

Njia ya kwanza ya kumzuia kibaka ni kumfunika mkono. Mwaka 2020, watafiti wa Xiamen nchini China walitangaza aptama mbili za DNA, moja ya herufi 51 na nyingine ya herufi 67, zinazoshika ile sehemu ya mwiba inayokutana na ACE2. Kazi nzuri, ila kibaka huyu hubadilisha vidole. Omikroni, aina mpya ya kirusi hiki, ilipojitokeza Novemba 2021, mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30, na dawa kadhaa za antibodi (protini za kinga) zilizolenga mwiba zikapoteza nguvu.

Njia ya pili ni kuuchomeka upindo ndani na kuubana kwa pini. Watafiti wa Milan, Italia, walichapisha mwaka 2022 aptama za DNA zinazoshika ACE2 ya binadamu yenyewe, kwenye eneo la asidi amino (vipande vinavyounda protini) nambari 353 kati ya zote 805. Mimi naipenda zaidi njia hii. Kirusi kinaweza kubadilika kila msimu, lakini ACE2 yetu haibadiliki kwa kasi hiyo. Tena kirusi cha SARS cha mwaka 2003, na NL63 kinacholeta mafua ya kawaida, hupitia ACE2 hiyo hiyo. MERS, ndugu mwingine wa korona, haimo kwenye hesabu hii, maana yenyewe hutumia protini nyingine, DPP4. Sharti ni moja: pini isiifunge mikono ya mama. Aptama ikizuia ACE2 kukata homoni, tutakuwa tumefukuza korona na kukaribisha presha.

Fundo linalofaa hupatikanaje? Kama mkulima anavyochagua mbegu. Unaanza na nyuzi za nasibu zinazofika trilioni mamia, unazimwaga juu ya protini unayoilenga, unaosha. Zilizong'ang'ania unazizalisha kwa PCR, ile ile tuliyoizoea kwenye vipimo vya korona, kisha unarudia, mara nyingi msimu baada ya msimu hadi wa kumi hivi, ukizidi kukaza masharti. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 1990 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake nchini Marekani: Tuerk na Gold, na Ellington na Szostak. Hawa wa pili ndio waliotoa jina aptama, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kufaa.

Ugumu uko mwilini. Vimeng'enya vya damu huikatakata DNA tupu ndani ya dakika chache, na figo huichuja haraka kwa udogo wake. Ndiyo maana herufi hufanyiwa marekebisho, au uzi hufungiwa mzigo wa kemikali ili usichujwe upesi. Inawezekana: pegaptanibu, aptama ya RNA ya kudungwa jichoni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kinachonivutia mimi ni kwamba aptama iliyokaushwa huvumilia joto kuliko antibodi nyingi. Kwa zahanati ya mlimani ambako umeme ukikatika friji nayo inalala, hilo si jambo dogo.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza inauzwa bei gani. Nikamwambia haiuzwi. Za korona zimejaribiwa zaidi kwenye seli za maabara, na hakuna iliyoidhinishwa kuwa dawa. Akikutana na mtu anayemwuzia "dawa ya DNA ya korona" stendi, asitoe hata mia.