Mtoto akiimba jedwali yote ya 7, si kusema anaijua

Hapa kwetu Goma wazazi wengi wanapimaka mtoto kwa kitu kimoja tu: aimbe jedwali ya kuzidisha toka juu mpaka chini bila kukwama. Akifika kwa 70 wanapiga makofi, huyu anajua hesabu! Sasa muulize hivi, ghafla, saba mara nane ni ngapi. Wengi utaona midomo inaanza kucheza pole pole, saba, kumi na ine, makumi mbili na moja… anarudi mwanzo kabisa ndio afike kwa 56. Huyo ameshika wimbo, na wimbo hauna mlango wa katikati.

Kuimba si kubaya, mtoto wa primeri ya pili kunamuzoeza. Ila lazima baadaye uulize kwa kuchanganya, sita mara ine, halafu tisa mara tatu, halafu unarudia sita mara ine, na umwache atafute mwenyewe kichwani kabla ya kumwambia jibu, juu ile kutafuta ndio inafanya kitu kikae. Na muulize vya soko pia: mafungu 8 ya nyanya pale Birere, kila fungu faranga 700, tutalipa ngapi? Kuko watoto wanaosema jedwali kwa Kifaransa bila kosa hata moja, lakini kwa hii swali ya nyanya wananyamaza. Mueleze kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, aelewe ni mara ngapi tunarudia kitu, Kifaransa cha klasi kitakuja juu yake.

Kitu kinachotisha watoto bure ni kuwaambia kuko hesabu 100 za kukariri, toka 1 × 1 mpaka 10 × 10. Si kweli hata kidogo! Chukua maharagwe 12 uyapange kwa meza, mistari 3 ya maharagwe ine ine. Mwambie mtoto azunguke aje upande mwingine wa meza, ahesabu tena: sasa anaona mistari 4 ya tatu tatu, na hakuna haragwe hata moja iliyoongezeka. Basi 3 × 4 na 4 × 3 ni kitu kimoja, na hapo zile 100 zimeshakuwa 55. Toa za 1 na za 10, hizo hazina kazi. Toa za 2, ni kujumlisha namba na yenyewe, na za 5 ambazo kila mtoto aliyeshika noti za 500 anazijua. Unabaki na 21 tu, kuanzia 3 × 3 mpaka 9 × 9. Ziandike kwa kaye, ukurasa moja unatosha, na kila moja anayoishika vizuri aikate na biki, mtoto anapenda sana kuona orodha inapunguka.

Na hizo 21 pia zinajengwa juu ya zile anazojua. Hajui 6 × 7? Anajua 5 × 7 ni 35, aongeze saba moja, 42. Hajui 7 × 8? 7 × 4 ni 28, na 28 mara mbili ni 56.

Kuhesabu kwa vidole wanasemaka ni uvivu. Hapana. Kwa jedwali ya 9, fungua vidole vyote kumi, ukitaka 4 × 9 kunja kidole cha ine kutoka kushoto: kushoto vinabaki 3, kulia 6, ni 36. Inafanya kazi mpaka 9 × 10. Mwache atumie, siku akishika jibu vidole vitalala vyenyewe.

Fimbo je, na ile ya kusema jibu haraka haraka mbele ya wote? Mtu akihesabu kichwani anahitaji nafasi ya kushikilia namba, na nafasi hiyo ni ndogo kwa kila mtu, hata mkubwa. Woga unaijaza. Mtoto aliyekuwa anajua anapoteza jibu palepale, kisha tunasema hana bongo ya hesabu, na kwa wasichana ndio tunasema hivyo mbio zaidi, inaniumiza sana.

Kulundika Jumamosi nzima hakusaidii vile. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kunakaa kuliko kulundika mara moja. Minuti kumi kila jioni wakati chakula iko kwa makala, basi. Na usimwachie mwalimu peke yake, toka primeri ya Leta iwe bure mwaka 2019 klasi nyingi zimejaa, atafikia mtoto wako saa ngapi?

Halafu wengine wanasema telefoni iko na kalkuleta, jedwali ya nini tena. Mpe mtoto wa primeri ya tano agawanye 4356 kwa 6 kwa karatasi. 43 iko na sita ngapi? Saba, ni 42, inabaki 1. 15 iko na sita mbili, inabaki 3. 36, sita mara sita. Jibu 726, na kila hatua imepita kwa jedwali. Asiyeishika anapotelea kwa ile 43, kisha wanaandika kwa kaye yake hajui kugawanya, kumbe kugawanya anajua, ni sita mara saba tu ndio hana.