Swali la Mwanamke wa Makamo Halikuletwa na Meli

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za kihistoria za pwani, na ninaifanyia hapa hapa Lamu. Nimerudishiwa tena maoni ambayo ningeweza kuyaandika mwenyewe kabla msomaji hajayatuma: ati mhusika mkuu wa muswada, mjane wa Lamu ya miaka ya 1850 anayekataa kuozwa tena na kaka yake, si mtu wa zama zake, kwa kuwa wanawake wa wakati ule hawakuwa na mawazo kama hayo na waliyapata baadaye kwa shule na redio. Nimechoka. Anayesema hivyo kwa kawaida hajawahi kujiuliza ni sheria gani iliyotumika mjini humo, wala nyumba aliyolala mjane huyo ilikuwa ya nani.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoniudhi zaidi. Mji huu ni wa madhehebu ya Shafii, na kila aliyesoma mlango wa nikaha anajua kwamba kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa ni ridhaa, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa, awe mjane au mtalaka, haozwi mpaka atamke kwa ulimi wake kwamba amekubali. Walii, yaani jamaa wa kiume wa kumwoza, bado anahitajika, hilo halina ubishi, na kaka mkaidi anaweza kumchosha dada yake mpaka akasema ndiyo ili apumzike. Hata hivyo mwandishi atazame jambo hili vizuri: mwanamke yule yule aliyeolewa akiwa na miaka kumi na mitano pasipo kufungua kinywa, akifika makamo, eda ikiisha, sheria yenyewe inamtaka aseme. Kukataa kwake si uasi uliotoka ng'ambo, bali ni haki inayomsubiri tangu siku ya kwanza. Kinachofaa kuandikwa katika riwaya ni gharama ya kuitumia: nani ataacha kumtembelea, nani atamnunia katika harusi ya mpwa wake, na binti yake ataposwa na nani baada ya hapo.

Nyumba nitaipitia haraka. Katika familia za waungwana wenye uwezo, baba alimjengea au alimpa binti nyumba ya mawe alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Basi nikikuta sura nzima ambamo mume anamtishia mkewe kumfukuza nyumbani, usiku, mvua ikinyesha, naandika pembeni: kwenye nyumba ya nani? Talaka ikitoka, mwenye kubeba sanduku lake ni bwana.

Waandishi nao hawajasalimika, kwani wengi wao wanaamini jambo lile lile wanaloamini wasomaji wao. Kwa kuwa moyoni hawasadiki kwamba mwanamke wa kale aliweza kuhoji, wanamwazima akili ya mwanaharakati wa leo, wanamsimamisha dirishani akitazama bahari, kisha wanampa hotuba ya kurasa mbili. Dirisha gani? Nyumba kongwe za Mkomani, mtaa wa mawe wa mji huu, zimeipa barabara mgongo. Mwanga unaingia kwa kiwanda, yaani ua wa ndani, na anayekaa ndani kabisa, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, haoni bahari wala mpita njia. Wanaume wanaketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Bibi akitaka kumfikia jirani anaweza kupita kwa wikio, daraja la juu linalounga nyumba mbili, asikanyage barabara. Mhusika huyo huyo amevishwa buibui, vazi ambalo halikuenea huku mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, na kanga yenye maandishi, nayo bado haijazaliwa. Haya yanarekebishika kwa kalamu nyekundu. Hotuba ndiyo hairekebishiki, kwa sababu mwanamke wa makamo wa mji huu alikuwa na njia zake za kuhoji zilizo kali kuliko hotuba: fumbo ndani ya wimbo wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, ambalo kila aliyehudhuria alijua limemlenga nani na hakuna aliyeweza kulishtakia, maneno ya somo, yule mkufunzi wake, kwa mwari anayekaribia kuolewa, faraghani, na shauri mbele ya kadhi, ambako madai ya mahari na mirathi hayakuwa maneno ya mapambo.

Hapa huletewa Mwana Kupona na utendi wake, shairi refu la wosia, kama vile hati ya mwisho ya kesi. Ati mnamo 1858 mwanamke mwenyewe alimwandikia bintiye amtii mume, basi swali liko wapi? Swali limo mle mle. Huyu ni mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepigana na Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, kwa miaka. Ameugua mwaka mzima. Anamwita binti aketi na wino na karatasi. Anamhesabia radhi tano, na ya tano ni ya mume. Kisha anamfundisha amtunze mume huyo kama mtoto asiyejua kusema. Usomapo ubeti huo taratibu unashindwa kuamua kama ni unyenyekevu au ni siri ya watu wazima inayopitishwa mbele ya macho ya wanaume. Wapo walimu wanaofundisha maana ya kwanza kana kwamba ndiyo pekee, na wapo wahakiki wanaoapa kwa ya pili. Mimi naelemea ya pili, lakini sina raha nayo, maana nashuku kwamba naipenda kwa sababu inanifaa kazini.

Isitoshe, utendi huo huo unamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, na onyo hilo linanisumbua kuliko ubeti wa mume. Nafasi ya bibi ya kufikiri ilinunuliwa kwa jasho la wanawake wengine, ambao nao walifika makamo. Alipotaka kutoka mchana alifunikwa kwa shiraa, pazia la kitambaa kama hema, na walioishika pembeni ni wajakazi. Sheria ya 1907 ilipoufuta utumwa katika pwani hii, fidia walilipwa mabwana. Mjakazi wa miaka arobaini na mitano alibaki na uhuru na swali la nani sasa atamwita jamaa yake. Riwaya zetu hazimfuati hadi huko.

Muswada nilio nao unaye mmoja: anashika shiraa katika sura kadhaa na hana jina. Nimemwomba mwandishi ampe jina na sura yake mwenyewe, ingawa sijui kama yeye au mimi tutaweza kumwandikia maneno yasiyokuwa ya bibi yake.