Je, wajua kwa nini rivolva ya kuwindia (bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka) hupendelea risasi nzito yenye pua bapa?

Rivolva ya .44 Magnum hurusha kichwa cha risasi cha greni 240, yaani gramu 15.6, kwa mwendo wa mita 410 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni kama jouli 1,300. Bunduki ndefu ya kuwindia ya .30-06 hutoa zaidi ya jouli 3,500. Anayemwendea nyati au dubu na rivolva hana nguvu ya kuchezea.

Risasi ya bunduki huenda kasi kiasi cha kuchana nyama hata pembeni mwa njia yake. Ile ya rivolva haifiki huko: nyama hutanuka, kisha hurudi kama mpira. Kinachobaki ni tundu lililosagwa na pua ya risasi yenyewe. Pua ya mviringo hujipenyeza, na tundu likajifumba nyuma yake. Pua bapa ya upana wa milimita 7 au 8 huikabili nyama ana kwa ana na kuikata, na tena husaidia risasi isiyumbe ikiwa ndani.

Risasi yenye shimo puani huchanua kama uyoga. Kwa mnyama mwepesi inafaa sana. Kwenye bega la mnyama mzito huchanua mapema na kukwama kabla ya kufika mapafuni. Ndiyo maana wengi hupanda hadi greni 300 za risasi (madini yenyewe, ambayo Kiswahili kimeyapa jina moja na kinachofyatuliwa) iliyoimarishwa kwa metali za antimoni na bati. Hiyo mara nyingi hupenya na kutokea upande wa pili wa mnyama, na matundu mawili huacha damu nyingi ya kufuatia.

Lakini uzito una gharama. Rivolva inaporudi nyuma kwa kishindo, maganda yaliyo kwenye silinda huvutwa pamoja nayo, huku vichwa vizito vikibaki palepale. Mdomo wa ganda usipobanwa sawasawa kwenye mfereji wa kichwa, kichwa huchomoka kidogo kidogo, hutokeza mbele ya silinda na kuifunga isizunguke. Lipime hili kabla ya safari: pima urefu wa risasi moja nzima, ganda na kichwa chake, kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo), iache kwenye silinda huku ukifyatua nyingine tano, kisha uipime tena. Ikiwa imerefuka, achana na aina hiyo.

Angalia pia kipenyo. Kichwa chembamba kuliko mdomo wa chumba cha silinda huvujisha gesi pembeni, na madini hugandia ndani ya mtutu. Shabaha huharibika baada ya risasi chache tu.

Kuhusu umbali, chora duara la sentimita 15 ulipige ukiwa umekaa au umepiga goti, si ukiwa umeegemea meza. Mahali ambapo risasi zote sita bado zinaingia ndipo mwisho wa umbali wako wa kufyatua, na kwa wengi hapafiki mita 50.