"Ni kama foto kabisa": sifa inayowapotosha wachoraji wetu

Wiki iliyopita baba mmoja alinijia studioni hapa Kampemba, Lubumbashi, simu mkononi, akanionyesha mchoro wa mwanawe uliokosa zawadi shindanoni. "Mwalimu, angalia mwenyewe. Amechora mpaka vinyweleo vya mkono. Mtu akipita anadhani ni foto. Sasa juri ilitaka nini zaidi?" Swali hilo nimelisikia mtaa wa Katuba, nimelisikia mtaa wa Kenya, nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi na kwa majaji wenzangu. Limesimama juu ya imani moja: kwamba mchoro ukizidi kufanana na foto unazidi kuwa bora, na juri isiyoupa nafasi ya kwanza imekula kitu au haijui kuchora.

Si kweli, na sisi majaji ndio tumeikuza imani hiyo. Niliwahi kukaa kwenye juri ya shindano moja la vijana, ambapo zawadi ya kwanza ilienda kwa uso wa bibi mzee uliochorwa kwa penseli. Wenzangu walisimama mbele yake wakirudia, "Ni foto kabisa." Mimi nikasogea karibu. Pua ilikuwa imevimba kuelekea kwangu, masikio yamerudi nyuma na kunywea. Uso hutoka hivyo simu ikishikwa karibu mno, kwa sababu kilicho jirani na lenzi hukua na kilicho nyuma hupungua. Kisha nikaona kipuli cha kulia. Kilikuwa nusu. Nusu ya pili ilimezwa na ukungu, pale ambapo simu, katika kufifiza nyuma ya mtu, ilikosea ikadhani kipuli ni ukuta. Kijana alikichora hivyo hivyo, nusu, kwa uaminifu wote. Baadaye nikamwuliza, "Bibi yako ana pua hii?" "Hapana, Mwalimu." "Na kipuli?" Akanyamaza, akabaki anauangalia mchoro wake kama kauleta mtu mwingine.

Ile ilikuwa kazi ya saa nyingi, ya mkono wenye nidhamu kubwa, na kila kosa la simu limenakiliwa humo. Hilo ndilo linaloniuma. Bibi alikuwa nyumbani, yuko hai, anacheka, na mjukuu alimwangalia kupitia kioo cha kiganja kimoja.

Kwenye ukuta ule ule kulikuwa na tablo, yaani mchoro wa rangi, ya binti mmoja: mama anauza mandazi sokoni kabla ya kupambazuka. Vinyweleo havikuwepo. Mwanga wa tochi ulipiga kidevu na vidole vinavyofungua mfuko wa plastiki, na mengine yote yalikuwa kahawia nzito iliyopakwa kwa brashi pana. Lakini jinsi bega moja lilivyoshuka, ulijua mama huyu ameamka saa ngapi. Tablo hiyo haikupata kitu. Niliipigia kura, nikashindwa, na hadi leo naamini tulikosea.

Wapenzi wa uhalisia wa foto hunitajia Wamarekani. Vizuri, tuwaangalie. Louis K. Meisel, mwuza sanaa wa New York, ndiye aliyeupa mtindo huo jina mwaka 1969. Mwaka 1967 na 1968 Chuck Close alichora uso wake mwenyewe, mweusi na mweupe, kwenye turubai yenye urefu wa zaidi ya mita 2.7. Humo masikio na mabega yamefifia, maana lenzi haikuweza kushika uso wote kwa ukali mmoja. Ukungu ni ule ule wa kijana wangu, ila Close alijua unatoka wapi. Aliukuza mpaka usiweze kuukwepa, ndipo unagundua kwamba unachotazama ni namna kamera inavyomwona mtu. Alichagua. Kijana wangu alipokea tu alichopewa, na jaji asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili anatoa zawadi kwa kifaa.

Jambo jingine ni ngozi yetu. Jua la Lubumbashi likiwa kali, simu hupima mwanga kwa shati jeupe au kwa mbingu, na uso mweusi ulio kivulini unatoka doa moja lisilo na kitu. Mwanafunzi analijaza kwa penseli nyeusi. Kaa naye kivulini umwangalie: upande mmoja wa shavu una ubuluu wa mbingu, chini ya kidevu kuna wekundu uliorushwa na udongo. Rangi hizo simu imekwisha kuzitupa kabla hujashika penseli.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wote naanza nao hivi, wapende wasipende: dakika 20 na mtu hai mbele yako, kipande cha makaa, karatasi kubwa, simu mfukoni. Rudia mara tatu. Ukihitaji foto baada ya hapo, rudi nyuma mita mbili au zaidi, piga, kisha ukate kingo.

Kuna mengine ninayoambiwa, nayo nayajibu hivi. "Kutumia foto ni udanganyifu." Hapana. Meisel mwenyewe aliiweka kamera kuwa sharti la kwanza la mtindo huo. Udanganyifu ni kuificha.

"Amefanya kazi miezi mitatu, anastahili." Baba, juri haioni kalenda, inaona karatasi.

"Wasiochora kama foto hawajui kuchora." Hili, kwa mtu wa Lubumbashi, linanikasirisha. Hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji ya Hangar mwaka 1946. Humo mchoraji Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenzake Pilipili alijaza tablo samaki na ndege, Mwenze akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi. Weka kazi zao mbele yangu bila sahihi, nitakuambia ipi ni ya nani. Weka nyuso tatu za penseli zilizonakiliwa kutoka simu, sitaweza.

"Majaji huamua wanavyotaka." Mara nyingine, ndiyo, na nimekwisha kukiri kosa letu. Lakini soma masharti kabla ya kulalamika. Shindano la Archibald, kule Sydney, linataka picha ya mtu ichorwe akiwa mbele ya mchoraji. Zawadi ya mwaka 1975 ilipewa John Bloomfield, kisha akanyang'anywa ilipojulikana kwamba alitumia foto. Karatasi ya masharti isiposema lolote kuhusu foto, waulize waandaaji kabla hujaandikisha mtoto.