Arifa ya utendaji kwenye kompyuta: hutoka wapi na huzimwa wapi

Arifa ya utendaji ni ujumbe mfupi unaoibuka, aghalabu kwenye pembe ya chini kulia ya skrini, kukujulisha kwamba programu fulani inatumia kichakataji, memori au diski kupita kiwango kilichowekwa. Ujumbe huo hausemi kwamba kompyuta imeharibika. Unasema tu kwamba kipimo kimevuka mstari uliochorwa na aliyetengeneza programu ya kupima, na mara nyingi mstari huo umechorwa chini mno.

Hakuna swichi moja inayozima arifa hizi zote, kwa sababu hazitoki mahali pamoja. Nyingine hutumwa na antivairasi, nyingine na Windows yenyewe, na nyingine si arifa za utendaji hata kidogo, ni matangazo yaliyovalishwa sura hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubofya chochote, soma jina lililo juu ya ujumbe au chini yake. Hilo ndilo litakalokuonyesha pa kwenda.

Tuanze na antivairasi, maana ndiyo inayosumbua wengi. Norton, kwa mfano, hufuatilia kila programu na kutoa ujumbe kwamba fulani inatumia kichakataji kwa wingi. Kwenye matoleo yake yenye ukurasa wa "Administrative Settings", fungua "Settings", ingia ukurasa huo, kisha utafute sehemu ya "Performance Monitoring". Mstari wa "Performance Alerting" una chaguo tatu: "On", "Off" na "Log Only". Watu wengi hukimbilia "Off", lakini "Log Only" ni bora zaidi: madirisha hayaibuki tena, ila kumbukumbu inaendelea kuandikwa, na siku kompyuta ikizorota kweli utaikuta kwenye historia ya usalama. Ukishachagua, bofya "Apply". Ukifunga dirisha bila kufanya hivyo, mabadiliko hayahifadhiwi.

Hapo hapo kuna mpangilio wa kiwango cha kuonya: cha chini, cha kati au cha juu. Cha chini maana yake ni kuonywa mapema, yaani arifa nyingi zaidi. Kuna pia chaguo linaloshusha kiwango chenyewe mara laptopu inapoanza kutumia betri. Ndiyo sababu mtu huona arifa zikimiminika umeme ukikatika, ilhali hajafungua programu yoyote mpya. Zima chaguo hilo, au panda kwenye kiwango cha juu, na huenda usihitaji kuzima arifa kabisa. Kama anayelalamikiwa ni programu moja tu unayoijua, labda ya kuhariri video, iongeze kwenye orodha ya programu zisizohesabiwa.

Je, utajuaje kwamba malalamiko ni ya bure? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager (orodha ya programu zinazoendeshwa) itafunguka, kisha panga programu kwa safu ya CPU, yaani kichakataji. TiWorker.exe ikiwa juu, Windows inasakinisha masasisho. MsMpEng.exe ikiwa juu, Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inakagua virusi. Zote mbili hutulia zenyewe kazi ikiisha. Zingatia asilimia pia. Kichakataji chenye nyuzi nane (njia nane za kufanya kazi kwa wakati mmoja) kikiwa na programu moja iliyokwama kwenye uzi mmoja, safu itaonyesha takriban asilimia 12 tu. Namba inaonekana ndogo, lakini ikibaki hapo hapo saa nzima bila kushuka, programu hiyo imekwama na inafaa kufungwa.

Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020 lakini bado imo kwenye baadhi ya kompyuta, ina arifa yake maarufu inayouliza kama ungependa kubadili mpangilio wa rangi ili kuongeza kasi. Hutokea pale madoido ya Aero, yaani urembo wa madirisha ya Windows hiyo, yanapoielemea kadi ya picha. Chagua jibu la tatu, linalobakiza rangi zilizopo na kukataa kuulizwa tena. Jibu la pili huiahirisha tu.

Arifa moja nasisitiza isizimwe: ile ya Windows inayosema memori imepungua, hifadhi faili zako ufunge programu. Hii haihesabu RAM (memori halisi ya kompyuta) peke yake, bali RAM pamoja na faili ya ukurasa, faili iliyo kwenye diski inayotumika kama nyongeza ya RAM. Chanzo cha kawaida ni mtu aliyeiondoa faili hiyo akidhani anaongeza kasi, au diski C iliyojaa hadi faili ikakosa pa kukua. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 bila faili ya ukurasa haina akiba yoyote nje ya hizo GB 4, na zikiisha, programu huanza kufungika zenyewe pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kisha "Settings" chini ya "Performance", tena "Advanced", halafu "Change". Weka tiki kwenye kisanduku cha juu kinachoiachia Windows ipange ukubwa yenyewe, kisha uwashe kompyuta upya. Ukitaka kumjua mlaji mkuu, fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, na utafute tukio namba 2004 kwenye kumbukumbu za "System". Linataja kwa majina programu zilizotumia memori nyingi.

Zimebaki arifa za uongo. Ujumbe ukisema kompyuta yako ni nzito sana na chini yake kuna anwani ya tovuti au jina la kivinjari, hakuna kilichopimwa. Kuna siku ulibofya "Allow" kwenye tovuti fulani, basi sasa inakutumia matangazo. Kwenye Chrome, andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani. Kwenye Edge ni edge://settings/content/notifications. Tafuta tovuti hiyo kati ya zilizoruhusiwa, bofya nukta tatu, uchague "Block". Ukichagua "Remove", tovuti inaweza kukuomba ruhusa upya. Na ujumbe wowote wenye namba ya simu ya kupiga ni utapeli, kwa kuwa jumbe za hitilafu za Microsoft hazibebi namba za simu. Ujumbe huo ukijaza skrini nzima, shikilia Esc kwanza. Usipoondoka, kifunge kivinjari kupitia Task Manager, na ukikifungua tena usikubali kurejeshewa kurasa za awali, la sivyo ukurasa ule ule utarudi.