Ratiba niliyomchorea ilidumu siku mbili

Ratiba ya kwanza niliyomchorea mwanafunzi niliipiga kwa rula, kalamu za rangi tatu, juu ya karatasi ya manila. Saa 8 mchana kupumzika, saa 9 hisabati, saa 10 Kifaransa, saa 1 usiku kurudia masomo ya siku. Msichana alishukuru, akaikunja, akaitia katika mkoba. Siku ya tatu nikamuuliza inaendeleaje. Alinitazama kwa huruma.

«Mwalimu, saa 9 niko sokoni. Saa 1 umeme haupo.»

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya saikolojia na elimu, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja siku yake inakwenda vipi. Kosa hilo bado naliona kwa washauri wa masomo hapa Lubumbashi, Kongo: tunachukua ratiba ya shule, tunairefusha mpaka nyumbani, kana kwamba nyumbani nako kuna kengele.

Siku hizi naanza na daftari. Wiki nzima mwanafunzi haandiki atakachofanya, anaandika alichofanya, kila jioni, katika safu tatu: saa, kazi, na nani aliniomba. Safu ya tatu niliiongeza baadaye, nayo ndiyo inayosema mengi. Mtoto wa zamu ya asubuhi anatoka shuleni karibu saa 6:30 mchana. Kutoka hapo mpaka saa 3 usiku ni saa nane na nusu, na ndizo zinazowafanya wazazi na walimu waseme ana muda tele, ni mvivu tu. Katika daftari la yule msichana, Jumatatu, safu ya tatu ilisomeka hivi: mama, mama, shangazi, mama, kwaya, mdogo wangu, mama. «Mimi» haikuwamo. Mtoto kama huyo ukimwambia ajipange, unamwambia apange pesa zilizo katika mfuko wa mtu mwingine.

Nikaenda kumwona sokoni Kenya (Kenya hii ni komini yetu, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi, wasomaji wa mbali msishangae). Anauza bunga, yaani unga, la mahindi la mama yake, kwa meka, kopo la kupimia. Akaja baba mmoja akataka meka tatu, akatoa noti ya dola tano. Meka ilikuwa franka 3,800, na dola siku hiyo aliihesabu kwa 2,800. Hakushika kalamu wala simu. «Elfu nne mara tatu, elfu kumi na mbili, toa mia sita. Dola zako ni elfu kumi na nne. Chenji elfu mbili mia sita, baba.» Midomo yake ilikuwa bado inasema wakati mkono unahesabu noti.

Msichana huyuhuyu, anayesoma komersiale (biashara) mwaka wa tatu wa humanite, yaani sekondari ya juu, alikuwa amepata 3 juu ya 10 katika interogasio, jaribio la darasani, ya hesabu.

Jambo hili linajulikana katika taaluma yetu. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake wawili walitoa utafiti waliofanya Recife, Brazili, kwa watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Watafiti walikwenda kama wanunuzi, wakawauliza bei na chenji: majibu sahihi yalikuwa asilimia 98. Baadaye wakawaketisha na kuwapa hesabu za namna ileile kwenye karatasi. Zilipoandikwa kama hadithi, asilimia 74. Zilipobaki tarakimu na alama tupu, asilimia 37. Watoto walewale!

Nilipokaa naye juu ya interogasio ile, niligundua hapa kwetu kuna kizingiti kingine. Swali lilikuwa la faida kwa asilimia. Faida anaijua kuliko mimi, maana anajua mfuko wa kilo 25 unatoa meka ngapi na mama anabaki na nini. Lakini swali lilikuja kwa Kifaransa, na faida yake yeye inaishi kwa Kiswahili. Tulichukua mfuko wa mama yake, tukauandika kwa lugha zote mbili, mstari chini ya mstari. Kazi ya nusu saa. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, Exetat, utamwuliza kwa Kifaransa, kwa hiyo daraja hilo lazima alivuke, ila avuke akiwa na mzigo wake mwenyewe kichwani.

Wataalamu hugawa elimu mafungu matatu. Philip Coombs na Manzoor Ahmed waliyaeleza vizuri mwaka 1974: elimu rasmi ya darasani; elimu iliyopangwa nje ya shule, kama kozi ya ushonaji parokiani; na ile isiyo rasmi, ambayo mtu anaichota kila siku kwa kuishi na kufanya kazi na wengine. Mgawanyo ni mzuri kwa vitabu. Mtaani mafungu yanaingiliana, na sipendi watu wanaolisifu hilo la tatu bila kipimo. Si kila kazi inafundisha. Kuteka maji mara ya mia hakukufundishi lolote ambalo mara ya kumi haikukufundisha.

Kwa hiyo nina swali moja: wiki hii umefanya nini ambacho mwezi uliopita hukuweza? Kijana mmoja aliyeshinda garaji kila mchana daftari lake lilijaa saa 27 kwa wiki. Alipojibu, alikuwa bado anaosha vipuri kwa petroli na kununulia mafundi sigara, kama mwaka jana. Hapo hakuna elimu, iwe rasmi au isiyo rasmi. Kuna mtoto anayetumwa. Saa hizo nilizipigania bila aibu.

Kwa msichana wa bunga nilikwenda kwa mama yake, si kulaumu. Nilimwonyesha daftari. Aliisoma safu ya tatu polepole, kidole juu ya karatasi.

«Mwalimu, mimi si mbaya. Nikikaa sokoni peke yangu, nani atapika bukari, ugali wetu?»

«Mama, sikuja kumtoa sokoni. Nimekuja kuuliza ni saa gani wanunuzi hawaji.»

Akacheka. Kati ya saa 8 na saa 9 mchana, watu wakiwa wamekwisha kula na jua likiwa kali, meza inalala. Saa hiyo ikawa ya binti. Usiku tuliuacha: giza linaingia karibu saa 12 jioni, umeme ni wa bahati, na kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi. Mzazi anayejivunia mwanawe kukesha na tochi ya simu anajivunia mtoto atakayesinzia asubuhi.

Saa moja ni ndogo, kwa hiyo haifai kuimaliza kwa kusoma maelezo tena na tena. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walipima jambo hili mwaka 2006: waliorudia kusoma walifanya vizuri wakiulizwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Tulikata katoni vipande, swali mbele, jibu nyuma. Mdogo wake ndiye anayemwuliza. Mteja akija, kadi zinaingia chini ya meka.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu daftari hili, usilikusanye wala kulitia alama. Mwaka mmoja prefe, mkuu wa shule nilikokuwa, alipenda wazo hilo, akaomba ayaone yote kila Ijumaa. Wiki iliyofuata madaftari 34 yalisema neno moja, toka saa 8 mchana hadi saa 4 usiku: kusoma, kusoma, kusoma. Mmoja aliandika hivyo hata kwenye Jumapili ya harusi ya dada yake, ambayo mimi mwenyewe nilihudhuria na kumwona akicheza.