Kamisheni ya asilimia 6 Marekani haijapangwa na sheria

Kuna ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya Waswahili walioko Marekani, eti ukiuza nyumba sheria inakulazimisha umlipe dalali asilimia 6, na mnunuzi halipi hata senti. Hapana jamani, hakuna sheria ya hivyo. Tena madalali wakikaa pamoja wakapanga bei moja, hilo ndo kosa, sheria ya ushindani ya huko ipo tangu 1890 na mwaka 1950 mahakama ilishakataa viwango vilivyopangwa na chama cha madalali.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu miaka nenda rudi muuzaji alikuwa anakatwa 5 au 6 halafu madalali wawili, wake na wa mnunuzi, wanagawana, na kila jirani ukimuuliza anakutajia hiyohiyo, basi ikaonekana kama kodi vile. Mazoea tu. Ila si hela ndogo, nyumba ya dola 400,000 ukishusha kutoka 6 mpaka 5 umebakiwa na dola 4,000 mfukoni.

Kuhakikisha ni rahisi, chukua mkataba wa dalali usome sehemu ya malipo, tangu Agosti 2024 mikataba mingi inatakiwa iandike wazi kwamba kamisheni haijapangwa na sheria na mnaweza kupatana. Mnunuzi naye siku hizi kwa kawaida anasaini na dalali wake kabla ya kuzungushwa kuangalia nyumba, kwa hiyo anaweza kujikuta analipa.

Meseji ikikufikia usiiforwadi, na kama ulishaituma rudi kwenye grupu uwaambie, hasa kama kuna mtu anakaribia kusaini.